KARO YA CHUO KIKUU: TUHESABU KABLA YA KUUZA NYUMBA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, usiku mmoja baada ya darsa, watu walipokwisha kutawanyika, alibaki mzee mmoja amekaa kwenye mkeka. Alikuwa na karatasi mbili mfukoni. Ya kwanza ilikuwa barua ya chuo kikuu kimoja cha kibinafsi huko Nairobi, iliyomkubali mwanawe asomee mambo ya biashara kwa miaka minne. Ya pili ilikuwa ya dalali, nayo imeandikwa bei ya nyumba yake ya Mji wa Kale. Akaniambia: "Sheikh, nataka fatwa. Nikiiuza nyumba nikamsomesha mwanangu, nitakuwa nimetenda la kheri au la khasara?"

Nikamwambia: "Mzee wangu, kabla hujaniuliza wewe, nami nina ya kukuuliza." Nikamuuliza kama kijana hakupata nafasi katika vyuo vya serikali. Akasema ameipata, chuo cha bara, somo la kilimo, lakini wenziwe wamemcheka, naye ameapa hendi kusomea jembe. Nikamuuliza ana watoto wangapi. Akasema watano, na kwamba yuko binti aliyemtangulia kijana huyu kwa mwaka mmoja, akafaulu kuliko yeye, naye yuko nyumbani kwa sababu "mwaka ule hapakuwa na pesa". Nikamuuliza kama amewahi kukutana na mtu mmoja tu aliyemaliza somo hilo katika chuo hicho, akajua apata kiasi gani kwa mwezi. Akainamisha kichwa, akasema hakumuuliza mtu.

Sikumpa jibu usiku ule. Nilimwomba muda, kisha nikamjibu. Nami nimeonelea niliandike jibu hilo hapa, kwa kuwa najua mzee huyu si peke yake. Kila mwaka matokeo ya mtihani yakitoka, nyumba huuzwa, mashamba huuzwa, na dhahabu za akina mama huingia kwa sonara zisitoke tena. Na aghalabu ya wanaouza hawajafanya hesabu hata ya dukani.

MIZANI MBILI ZISICHANGANYWE

La kwanza tulijue hili: elimu haipimwi kwa mshahara, lakini karo hupimwa. Hizi ni mizani mbili, na makosa yetu mengi yatokana na kuzichanganya.

Elimu ni ibada kwa mwenye nia njema. Wanavyuoni wa sira wamepokea kuwa katika mateka wa Badri walikuwako wasiokuwa na fedha ya kujikombolea, lakini wajua kuandika. Mtume (S.A.W.) akakubali kila mmoja wao awafundishe watoto wa Madina kuandika, na hiyo ndiyo ikawa fidia yake. Tazameni basi: siku ambayo Waislamu walikuwa na haja kubwa ya mali, kalamu ilipokewa mahali pa fedha. Na Imamu Ghazali katika kitabu chake cha Ihya amezihesabu tiba na hesabu katika fardhi za kutosheana, na ufundi na ukulima pia, kwamba mji ukikosa wa kuzisimamia wote wana dhambi. Akalalamika kuwa miji ya zama zake haikuwa na tabibu ila asiyekuwa Mwislamu, na ilhali watu wamesongamana katika elimu ya ubishi.

Kwa hivyo asije mtu akachukua maneno yangu haya akawa ni kisingizio cha kumtoa mtoto skuli. Wako wenzetu wasemao: "Mbona fulani ana shahada na aendesha bodaboda? Kusoma kuna faida gani?" Maneno haya ni ya uvivu, nasi tumekwisha kuyalipia. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, katika aliyoyapigia kelele ni huku kulala kwetu katika elimu na wengine wakaamka. Wengi hawakumsikia. Wajukuu wao ndio leo waulizao kwa nini ofisi za mji huu zimejaa watu wa mbali. Jibu lake si la kutafutwa mbali.

Lakini karo ni jambo jingine. Karo ni bei, na chuo cha kibinafsi ni muuzaji. Mwenye kununua amepewa akili ya kuuliza: nanunua nini, kwa kiasi gani, na je, kitu hiki hakipatikani penginepo kwa bei nafuu? Hamnunui jahazi kwa kutazama rangi yake. Mwazama chini mkagonga mbao. Kwa nini basi mnunue shahada kwa kutazama lango la chuo na picha zilizomo katika kitabu chake cha matangazo?

HESABU YENYEWE

Na tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aziondoe aweke zake.

Chuo chataka shilingi 90,000 kwa muhula, na mihula ni miwili kwa mwaka. Kwa miaka minne ni mihula 8, basi karo ni shilingi 720,000. Chakula tusikitie, kwani hata nyumbani angekula. Lakini chumba na nauli vitiwe: shilingi 7,500 kwa mwezi, miezi 9 kwa mwaka, miaka minne, ni shilingi 270,000. Kompyuta, vitabu, mitihani na joho la mahafali, tuseme shilingi 90,000. Jumla imefika shilingi 1,080,000.

Wengi hukoma hapa, na hapa sipo pa kukoma. Kijana huyu lau hakwenda chuoni asingekaa kitako miaka minne. Angefanya kazi ya duka au ya gereji, akapata tuseme shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa miezi 48 ni shilingi 720,000. Hizo hazikutoka mfukoni mwa baba, lakini hazikuingia pia, na mfanyabiashara aijuaye kazi yake huziandika. Basi gharama ya kweli ni shilingi 1,800,000.

Sasa tutazame faida. Usihesabu mshahara wote wa mwenye shahada, kwani hata bila ya shahada angepata kitu. Hesabu ile ziada tu. Akipata shilingi 35,000 kwa mwezi, na mwenziwe asiyesoma amekwisha kufika 20,000, ziada ni shilingi 15,000. Gawanya 1,800,000 kwa 15,000: ni miezi 120. Maana yake ni miaka kumi ya kazi kabla gharama haijarudi. Na akikaa miaka miwili bila ya kazi, amepoteza shilingi 480,000 ambazo mwenziwe amezipata, na hapo ataongeza miezi mingine 32.

Mtu aweza kusema: mishahara hupanda. Kweli hupanda, na ya fundi hupanda vile vile. Hesabu hii haikukusudiwa kuwa ya karani wa benki. Yatosha kumfungua mtu macho.

Lakini geuzeni jambo moja tu. Gharama iwe ile ile shilingi 1,800,000, na somo liwe ambalo mwenye nalo huajiriwa akapata ziada ya shilingi 45,000 kwa mwezi. Gharama yarudi kwa miezi 40, yaani miaka mitatu na miezi minne. Chuo ni kile kile na karo ni ile ile. Kilichogeuka ni somo. Au acheni ziada iwe 15,000 kama mwanzo, lakini kijana asome mahali ambapo gharama zake zote si 1,080,000 bali ni 400,000. Hapo hesabu yashuka kutoka miaka kumi hata miaka sita na kidogo.

Kwa hivyo swali la "chuo cha kibinafsi ni kizuri au kibaya?" halina jibu. Kuna swali lenye jibu: somo gani, kwa bei gani, na kazi yake iko wapi?

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 watahiniwa 246,391 walipata alama ya C+ au zaidi, nayo ndiyo alama ya chini ya kuingilia shahada. Hao ni wa mwaka mmoja tu. Basi shahada peke yake si ajabu tena kama ilivyokuwa zama za baba zetu, mtu akirudi nayo akapokewa kwa matwari. Yapasa mzazi aulize haya:

Kwanza, chuo hicho na somo hilo vimekubaliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Na ikiwa ni kazi yenye baraza lake, kama udaktari, uuguzi, uhandisi au uwakili, je, baraza hilo humsajili aliyesoma hapo? Aliyemaliza asisajiliwe amenunua ufunguo usioingia katika kufuli lolote.

Pili, waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi? Usiwaulize wauza matangazo wa chuo. Waulize wahitimu wenyewe, wawe watano au sita.

Tatu, je, hakuna njia nyingine ya kufika pale pale? Pwani leo tuna Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi, tuna Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na wapendao bahari wana Chuo cha Ubaharia cha Bandari. Aliyepata C- aweza kuanza na diploma ya ufundi, akafanya kazi, kisha akaendelea na shahada kwa jasho lake mwenyewe.

Na hapa nataka niwakumbushe jambo ambalo vijana wetu hawalijui. Hicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa ndicho kilichokuwa MIOME, chuo cha ufundi cha Waislamu wa Afrika ya Mashariki, kilichojengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, na ya Aga Khan, na ya Mabohora, pamoja na fungu la serikali ya wakati ule. Wazee wetu walifundishwa pale mitambo, umeme, useremala na ubaharia. Mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Basi lango lililofunguliwa kwa ajili yetu tumelipa mgongo, twaenda kuuza nyumba ili tusome Nairobi somo ambalo hatujui lina kazi gani!

Na aonaye haya kusomea jembe au spana, na akumbuke kuwa Nabii Daudi (A.S.), naye ni mfalme, alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake, na Mtume wetu amemsifu kwa hilo.

KUHUSU MKOPO WA RIBA

Atasema mtu: "Sitauza nyumba, nitakopa." Twaomba hapa wasomaji watusikilize vyema.

Halmashauri ya mikopo ya serikali, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, huwakopesha wanafunzi kwa ziada ya 4 kwa mia kila mwaka, na mwenye kuchelewa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Ziada iliyoshurutishwa juu ya deni ni riba, ikiwa 4 kwa mia au 40. Udogo wake hauibadilishi jina. Na mpango uliotangazwa mwaka 2023, wa kumsaidia kila mwanafunzi kwa kadiri ya uhitaji wake, ambao umekuwa ukishindaniwa mahkamani, uliwapa fungu la msaada waliopangwa katika vyuo vya serikali. Wa vyuo vya kibinafsi waliachiwa mkopo.

Najua wako wanavyuoni walioruhusu kwa dharura. Sibishani nao. Lakini dharura ina mipaka yake: ni ya asiyekuwa na njia nyingine, na huchukuliwa kwa kadiri ya haja. Kijana aliyepewa nafasi ya bei nafuu akaikataa kwa kuwa wenziwe wamemcheka, kisha akaenda kukopa kwa riba ili asome pa ghali, dharura yake iko wapi? Hiyo ni khiyari, na mwenye khiyari hana udhuru.

Na hata deni lisilo na riba si jambo la mchezo. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu katika sala yake na mzigo wa deni. Alipoulizwa sababu, alieleza kuwa mtu akidaiwa huja akasema uwongo, akaahidi asitimize. Wangapi katika vijana wetu wameanza maisha kwa mlango huo, simu ya mdai yalia naye aizima?

HAKI ZA WENGINE NYUMBANI

Hili ndilo lililonitia uzito zaidi katika khabari ya mzee wetu.

Bashiri bin Saad, sahaba wa Ansari, alimpa mwanawe Nuumani zawadi peke yake. Mama wa mtoto, Amra binti Rawaha, akasema hataridhika mpaka Mtume (S.A.W.) awe shahidi. Bashiri alipokwenda, Mtume alimuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Akasema la. Mtume akakataa kuishuhudia, akawaamrisha watu wamche Mwenyezi Mungu na wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Bashiri akarudi akaitwaa zawadi yake.

Sasa nyumba ya mzee wetu ndiyo mali yake yote. Akiiuza kwa ajili ya mtoto mmoja, wanne wamebakiwa na nini? Na katika hao wanne yumo binti aliyefaulu kuliko nduguye. Kwake hapakuwa na pesa. Kwa nduguye ikapatikana nyumba ya kuuzwa! Ndugu zangu, huu ndio uadilifu? Sisemi kila mtoto apewe shilingi sawa na mwenziwe, kwani haja za watoto zahitilafiana, na wa chuo hana haja sawa na wa darasa la tatu. Lakini kumfungia mlango mwenye kustahiki kwa kuwa ni mwanamke, kisha kumvunjia ukuta asiyestahiki kwa kuwa ni mwanamume, hakuna kitabu chetu chochote kinachokubali.

Na dhahabu ya mke ni ya mke. Mume hana ruhusa kuigusa ila kwa ridhaa yake ya kweli, isiyokuwa ya haya wala ya khofu. Akiikopesha, na iandikwe kama madeni yote yaandikwavyo, maana aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani, katika Sura ya Baqara, ni ya kuandikiana deni. Na ikiwa katika nyumba mna fungu la yatima au la ndugu aliyeko Bara Arabu, fungu hilo si la kutolea karo.

Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Israa ubakhili wa kuufunga mkono, na akatukataza pia kuukunjua wote hata tukabaki tukilaumiwa na kujuta. Baba anayemnyima mtoto kitabu ameingia katika la kwanza. Baba anayeuza paa la watoto watano kwa karatasi ambayo hakuulizia ameingia katika la pili.

LILILO JUU YETU SOTE

Haitoshi kumwambia mzee "usiuze" na "usikope" kisha tukaenda zetu kula mahamri. Yatupasa tumfungulie mlango.

Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah ilianza mwaka 1983 mpango wa kuwasomesha vijana wa Kiislamu wa nchi zisizo wanachama wake, kama hii yetu. Utaratibu wake ni wa kufuatwa: mwanafunzi hupewa fedha kuwa ni qardhi hasana, mkopo usio na ziada. Akimaliza akapata kazi, hurudisha, na aliyorudisha husomeshea wengine katika jamii ile ile. Pesa moja yasomesha wa kwanza, na wa pili, na wa tatu.

Nani atuzuiaye kufanya hivyo katika mtaa mmoja? Misikiti ishirini, kila mmoja utoe shilingi 10,000 kwa mwezi katika michango yake. Ni shilingi 200,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 2,400,000. Wachaguliwe vijana kwa kufaulu kwao na uhitaji wao, wake kwa waume, katika masomo ambayo mji wetu una njaa nayo: wauguzi, mafundi wa mitambo ya bandari, waalimu wa hesabu. Waandikiane, warudishe. Na iwekwe kamati ya watu waaminifu, na hesabu ibandikwe mlangoni mwa msikiti kila mwezi, ili shetani asipate pa kupenya. Arusi moja ya siku nne tuliyozoea kuifanya ingemlipia kijana mmoja miaka miwili ya chuo cha ufundi. Twashindana kwa biriani, na mtoto wa jirani amekaa barazani na cheti chake.

Yule mzee nilimjibu kwa ufupi: kusomesha ni kheri, lakini kuuza nyumba hii, kwa somo hili, kwa namna hii, si kheri. Alirudi baada ya wiki mbili. Dalali amemrudishia karatasi yake. Alikwenda akawatafuta wahitimu wanne wa chuo kile. Mmoja ameajiriwa, wawili wanauza simu, na wa nne amerudi skuli kusomea umeme. Kijana bado amenuna, lakini amechukua fomu ya chuo cha bara akaisoma. Na binti ameomba nafasi ya uuguzi, baba yake mwenyewe amempeleka. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema: "Sheikh, nilipopiga hesabu nimeona kuwa ile pesa niliyosema haipo, ilikuwapo. Nilikuwa sikuitafuta."

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atukinge na deni litudhalilishalo, na atujaalie uadilifu baina ya watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.